Mpira wa Mechi na Mpira wa Mazoezi: Mwongozo kwa Walimu wa Ekipi na Wasimamizi wa Vifaa, Songo

Mwongozo huu ni wa watu waliokabidhiwa mfuko wa mipira: mwalimu wa ekipi, msimamizi wa vifaa, mwalimu wa shule mwenye kipindi cha michezo, na mfanyabiashara anayetaka mteja wake arudi bila ugomvi. Unahusu mpira wa miguu, kwa kuwa ndio unaochezwa jioni Songo na mitaa jirani ya Uvira.

Jambo la kwanza la kukubaliana ni hili. Mpira wa mazoezi huchaguliwa na kiwanja. Mpira wa mechi huchaguliwa na sheria. Ekipi nyingi hufanya kinyume. Hununua mpira mmoja unaong'aa, huupiga wiki nzima juu ya kokoto, kisha Jumapili huupeleka kwenye mechi ukiwa umechubuka na kuvimba ubavu. Mpinzani akilalamika, anayelaumiwa ni mwamuzi, wakati kosa lilifanyika dukani.

Kiwanja kwanza

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mito inayoshuka mlimani huleta mawe na changarawe, ufukweni kuna mchanga, na nyasi za kuchezea ni chache. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliongeza mawe na matope juu ya yale yaliyokuwapo. Anayenunua mpira kwa ajili ya ardhi ya namna hii asianze kwa kusoma jina lililochapwa juu yake. Aulize kwanza ngozi ya nje ni nene kiasi gani, vipande vimeunganishwa kwa njia gani, na siku ukipasuka nani mjini ataweza kuufungua. Swali hili la mwisho husahaulika mara nyingi, nami ningelitanguliza mbele ya mengine yote.

Mpira ulioshonwa kwa mkono una mlango. Mshonaji huuunganisha ukiwa umegeuzwa ndani nje, kisha huugeuza na kufunga mshono wa mwisho kutokea nje. Fundi viatu mwenye shazia nzuri na uzi wa nailoni uliopakwa nta anaweza kuufungua mshono huo, akatoa mfuko wa ndani uliotoboka, akaweka mwingine na kushona tena. Mpira wa aina hiyo unaojulikana zaidi ni wa vipande 32, yaani 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, muundo ulioenea duniani kupitia Telstar ya Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Weusi na weupe wake ulikusudiwa uonekane vizuri kwenye televisheni za zamani. Kwetu unafaa kwa sababu nyingine: milima iko upande wa magharibi, kwa hiyo kivuli hushuka juu ya mji mapema, na dakika ishirini za mwisho za mazoezi huchezwa kwenye mwanga hafifu wenye vumbi. Mpira wa kijivu au wa rangi ya udongo hupotea machoni pa kipa. Chagua mweupe wenye madoa meusi, au wa njano.

Mipira ya kisasa isiyo na uzi, ambayo vipande vyake vimegandishwa kwa joto, ni mizuri mahali pake. Teamgeist ya Kombe la Dunia la mwaka 2006 ilikuwa na vipande 14, Jabulani ya 2010 vipande 8, Brazuca ya 2014 vipande 6. Hainywi maji kama ya kushona, na umbo lake halibadiliki upesi. Lakini kipande kikibanduka juu ya mawe ya Songo, fundi wetu hana mashine ya kukirudisha. Atapaka gundi ya viatu, gundi itakauka na kuwa ngumu, na baada ya siku chache kipande kitainuka tena. Kwa mazoezi juu ya kokoto, usinunue mpira wa namna hii. Ukipewa zawadi, uweke kwa ajili ya mechi zinazochezwa kwenye nyasi.

Kuna pia mpira wa raba tupu, uliomiminwa kwenye kalibu bila kushonwa. Ni wa bei nafuu na hauogopi changarawe. Tatizo lake ni kudunda: huruka juu kuliko mpira wa mechi, na mchezaji aliyeuzoea hukosa kipimo cha mguu siku ya Jumapili. Unafaa kwa kipindi cha michezo shuleni, ambapo watoto arobaini wanagombea mpira mmoja, lakini usiwe ndio unaofundishia kutuliza na kupasia. Kwa watoto wadogo sana mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba za mgomba hauna ubaya wowote. Haudundi, na kwa hiyo huwalazimisha kuuongoza kwa mguu. Wazazi wasiwacheke.

Kuhusu ngozi ya nje, sokoni utakutana na aina mbili. PVC ni ngumu zaidi na haichubuki upesi. PU ni laini, huitikia mguu vizuri, lakini mawe huila. Hivyo PVC nene kwa mazoezi, PU kwa mechi. Chini ya ngozi kuna tabaka za kitambaa zinazoshikilia umbo. Bonyeza kwa kidole gumba: mpira wenye tabaka moja jembamba hubonyea na kubaki na alama, wenye tabaka kadhaa hurudi mara moja.

Mfuko wa ndani nao ni wa aina mbili. Wa butili hushika upepo kwa siku nyingi. Wa lateksi ni mwepesi kwa mguu lakini huvuja polepole, na huenda ukahitaji kujazwa kabla ya kila mchezo. Mahali ambapo pompi moja huzunguka kati ya ekipi tatu, butili ndiyo jibu.

Sehemu kubwa ya mipira iliyoshonwa kwa mkono duniani hutoka mji mmoja tu, Sialkot, nchini Pakistan. Zamani watoto nao walikuwa wakishona mipira hiyo. Mwaka 1997 wenye viwanda vya Sialkot walitia sahihi makubaliano na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya kuwaondoa watoto kwenye kazi hiyo. Nataja hili kwa sababu mpira unaouzwa bila jina la nchi wala la kiwanda hauna wa kuulizwa, si kuhusu ubora wala kuhusu mikono iliyoushona.

Kabla ya kulipa

Sheria ya 2 ya mpira wa miguu inataka mpira wa duara, wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza, na upepo wa kipimo cha angahewa 0.6 hadi 1.1. Kila moja ya namba hizi inaweza kupimwa Uvira bila maabara.

Nenda dukani na utepe wa fundi cherehani. Omba mpira ujazwe, kisha uzungushe utepe katikati, mara tatu, kila mara kwa njia tofauti: mara moja upitie kwenye tundu la upepo, mara nyingine pembeni yake, mara ya tatu ukate katikati ya hizo mbili. Namba zote tatu ziwe kati ya 68 na 70, na zisiachane kwa zaidi ya sentimita moja. Zikiachana zaidi, mpira una umbo la yai, hata kama jicho halijaliona. Mwenye duka akikataa mpira wake upimwe, jibu umeshalipata.

Kisha uzito. Mizani ya duka inatosha ikiwa inasoma gramu kumi kumi. Mipira mingi ya bei rahisi hushindwa hapa: iko chini ya gramu 400, hupaa ikipigwa, na upepo wa ziwa wa alasiri huiyumbisha. Mchezaji hujifunza kupiga kwa kudokoa, na siku ya mpira halali shuti lake halifiki golini.

Kudunda kupimwe juu ya sakafu ya saruji. Mpira uliojazwa vizuri ukiachiwa, bila kusukumwa, kutoka mita 2, unapaswa kurudi juu kati ya sentimita 125 na 155. Weka alama ukutani kwa chaki. Mwisho, kama kuna beseni kubwa, uweke mpira juu ya maji na uuzungushe polepole. Ukisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, upande huo ni mzito, na mpira huo hautakwenda mstari ulionyooka hewani.

Chapa za FIFA ni tatu: FIFA Basic, FIFA Quality na FIFA Quality Pro. Mashindano yaliyo chini ya FIFA na mashirikisho ya mabara hutumia mipira yenye mojawapo ya chapa hizo. Mashindano ya taifa hufuata uamuzi wa shirikisho, ambalo kwetu ni FECOFA. Kwa mechi za mitaa, chapa si lazima isipokuwa waandaaji wameiandika kwenye kanuni zao. Tena kuchapa maandishi juu ya ngozi ni kazi rahisi, na mpira wenye jina la kampuni kubwa unaouzwa kwa bei ya raba ni wa kuigiza. Utepe na mizani havisomi maandishi. Viaminiwe kwanza.

Upepo, joto na mlima

Mipira mingi ya Songo huuawa na pompi, si na mawe. Fundi wa tairi za pikipiki amezoea kujaza bar 2 na zaidi (bar moja ni karibu sawa na angahewa moja). Mpira unaotakiwa kuishia bar 1.1 ukiwekwa kwenye kompresa yake hupasua mishono kabla hajaondoa mkono. Tumia pompi ya mkono, na ekipi ichange inunue kipimo cha upepo. Kipimo kikionyesha PSI, kiwango halali ni 8.5 hadi 15.6. Juu ya ardhi ngumu baki chini, kati ya bar 0.6 na 0.8: mpira hudunda kwa adabu, mishono haivutwi sana, na vichwa vya mabeki haviumii.

Sindano kavu ndiyo inayoharibu tundu la upepo. Ilowanishe kwa mate au tone la gliserini, iingize ikiwa imenyooka, itoe ikiwa imenyooka. Usitumie mafuta ya injini wala vaselini, kwani mafuta ya petroli hula raba. Kila mfuko wa mipira uwe na sindano mbili za akiba. Ni kitu kidogo kinachosimamisha mechi.

Joto hubadilisha kipimo. Mpira uliojazwa bar 0.8 asubuhi kwenye nyuzi 20 hufika karibu bar 1 ukiachwa juani hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 50. Kwa hiyo usiupime asubuhi ukausahau juani pembeni mwa kiwanja, na usiuanike juu ya bati. Pima nusu saa kabla ya mchezo, kivulini.

Ekipi inayopanda kwenda Bukavu izingatie jambo jingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Bukavu kwenye mita 1,500 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi zaidi: mpira uliojazwa Uvira utaonekana umejaa zaidi kidogo, na shuti refu litakwenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia. Mwaka 2010 Afrika Kusini, makipa walipoilalamikia Jabulani, sehemu ya fumbo ilikuwa hiyohiyo, kwani Johannesburg iko juu ya mita 1,700. Fika mapema, pima upya, na wape makipa mipira ya juu kabla ya wengine kupasha misuli.

Watoto

Namba 5 ni ya watu wazima, wanaume kwa wanawake, na vijana kuanzia miaka 13 hivi. Kwa umri wa miaka 8 hadi 12 hutumika namba 4, yenye mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Wadogo zaidi wapewe namba 3. Sheria zenyewe zinaruhusu ukubwa, uzito na hata kitu kilichotengenezewa mpira kubadilishwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo mwalimu asidhani anavunja kanuni.

Hapa sitaki kuwa mpole. Kumpa mtoto wa miaka tisa namba 5 iliyolowa mvua na kumwambia apige kichwa ni kumdhuru. Mwaka 2015 Marekani ilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 Uingereza ikaacha kuwafundisha watoto wa shule za msingi vichwa mazoezini. Hatuhitaji kusubiri barua kutoka Kinshasa ili kufanya vivyo hivyo kwenye viwanja vyetu.

Shule yenye ua wa saruji ina njia nyingine nzuri: mpira wa futsal, wenye mzunguko wa sentimita 62 hadi 64 na gramu 400 hadi 440. Umetengenezwa usidunde, ukiachiwa kutoka mita 2 hurudi sentimita 50 hadi 65 tu. Hauruki ukuta kila dakika, na madirisha ya darasa husalimika.

Mfuko wa ekipi

Ekipi yenye fedha za mipira mitatu ifanye hivi: miwili ya kushona, ya PVC nene, ya mazoezi, na mmoja wa PU, uliopimwa, wa mechi. Ukubwa na uzito wa yote mitatu uwe mmoja. Mpira wa mazoezi unaweza kuwa mbaya wa sura, usiwe mbaya wa kipimo. Ule wa mechi nao upate mazoezi ya mara moja kwa wiki, siku ya mwisho kabla ya mchezo, mahali pasipo na mawe, ili miguu iujue.

Kila mpira uandikwe namba kwa wino usiofutika karibu na tundu la upepo, na daftari liwepo: namba, tarehe ya kununuliwa, aliyeuchukua, aliyeurudisha, kilichoshonwa. Daftari hilo huzuia maneno mengi kati ya rais wa ekipi na msimamizi wa vifaa.

Uzi mmoja ukikatika, mpira utoke kiwanjani siku hiyohiyo. Ukiendelea kuchezwa, mfuko wa ndani hujitokeza kwenye tundu, na kokoto moja inatosha kuumaliza. Fundi asishone kwa uzi wa pamba, maana huoza kwa maji. Akikushauri kumimina ndani dawa ya kuziba matundu ya tairi, mkubalie kwa mpira wa mazoezi ukipenda, lakini mpira huo usirudi tena kwenye mechi: dawa hukaa upande mmoja na uzito hubadilika.

Baada ya mazoezi futa mpira kwa kitambaa chenye maji na sabuni, uanike kivulini. Ulioingia kwenye mfereji uoshwe vizuri kabla ya kurudi mchezoni, na aliyeutoa anawe mikono. Mji wetu unakijua kipindupindu, na mipira ya kurusha hupita mikononi mwa wachezaji wote. Ulioingia ziwani usifuatwe na mtoto. Viboko hufika hadi ufukweni mwa Uvira, na hakuna mpira wenye thamani ya kumtuma mtu majini jioni.

Siku ya mechi

Mwamuzi ndiye mwenye neno la mwisho. Msimamizi ampelekee mipira miwili, wa kuchezea na wa akiba, mapema kabla ya mchezo, pamoja na kipimo cha upepo. Mpira haubadilishwi wakati wa mchezo bila ruhusa yake. Ukipasuka au kuharibika mchezo ukiendelea, husimamishwa na kuanzishwa tena kwa mpira wa kudondoshwa. Ukipasuka wakati wa penalti, ukiwa umeshapigwa na kwenda mbele lakini haujagusa mchezaji wala mlingoti, penalti hurudiwa. Walimu wa ekipi wawaeleze wachezaji wao jambo hili mapema, kwa kuwa ni pale watu wanapoanza kuvamia uwanja.

Ugomvi wa "tucheze na mpira wa nani" si wa Songo peke yake. Kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka 1930 mjini Montevideo, Argentina na Uruguay zilishindwa kukubaliana, kila moja ikataka mpira wake. Ikaamuliwa nusu ya kwanza ichezwe na mpira wa Argentina, ya pili na wa Uruguay. Argentina ilikwenda mapumziko ikiongoza 2 kwa 1; Uruguay ikashinda 4 kwa 2. Wanahistoria hawajaacha kubishana kama mpira ulichangia.

Kwa hiyo naomba waandaaji wa mashindano ya mitaa, kuanzia Songo hadi Kavimvira na Kalundu, waandike kwenye barua ya mwaliko aina ya mpira, ukubwa wake na kipimo cha upepo, na wautangaze wiki moja kabla. Na mipira ya mashindano inunuliwe na waandaaji wenyewe, isitoke kwa ekipi yoyote inayocheza.